Wanaoishi Mgongoni mwa Sifongo

Nilimsikia kabla sijamwona. Ulikuwa mlio wa kioo kinachosugua kioo, mwembamba, wa kuingia kwenye meno, ukitoka nyuma ya mlango wa maabara asubuhi moja ya ukungu mwezi wa sita, nje kidogo ya mji wa Iringa. Tulikuwa wasichana wa kidato cha kwanza, tumepangwa kwenye korido, mikono tumeificha ndani ya mikono ya sweta. Mlio ulikoma, ukaanza tena. Aliyesimama mbele yangu aligeuka akaninong'oneza kwamba humo ndani kuna mtu anasaga mifupa. Hakuna aliyecheka.

Kisha sauti ya mwanamke ikasema, bila kupanda, "Ingieni. Asiyependa harufu avumilie. Wao wameivumilia miaka mingi."

Wao walikuwa kwenye mitungi sita ya kioo juu ya meza ndefu, na yeye alikuwa akiuzungusha mfuniko wa mtungi mmoja uliogoma kufunguka. Mwanamke mfupi, koti jeupe limefungwa vifungo vyote, kitambaa cha kanisani kichwani. Kila mtungi ulikuwa na spiriti, na ndani ya spiriti kipande cha kitu cha rangi ya udongo, kimejaa vitundu. Kwa mbali kilifanana na andazi lililosahauliwa.

"Huyu ni sifongo," alisema. "Ni mnyama."

Msichana mmoja wa Makambako aliinua mkono. "Madam, sponji si la godoro?"

"La godoro limetoka kiwandani. Huyu ametoka baharini, na ana watu mgongoni. Sogeeni."

Tulisogea. Mgongoni mwa sifongo palikuwa na kitu kama pumba za mahindi zilizomwagika. Alitupitisha mmoja mmoja kwenye hadubini, na nilipofika zamu yangu pumba ikawa bomba dogo la tope, na mdomoni mwa bomba akatokeza mnyoo, mfupi kuliko nusu ya punje ya mchele, ana mikono miwili myembamba iliyonyooka mbele kana kwamba alikufa akiomba kitu. Niliinua uso nikamtazama Madam. Alikuwa ananitazama mimi, si mnyoo. Baadaye nilijua kwamba hiyo ndiyo sababu ya kutupitisha mmoja mmoja. Alikuwa akiangalia ni sura gani itabadilika.

Walimu wote wa kike tuliwaita Madam, lakini wengine tuliwaongezea jina la somo au la ukoo. Yeye lilimtosha hilo moja. Ukisema "Madam amekasirika", shule nzima ilijua ni nani na pengine kwa nini.

Alikuwa na sheria zake za kuchora. Penseli ichongwe kwa wembe, si kwa kichongeo. Mstari mmoja, usirudiwe. Hakuna kupaka kivuli. Na kabla ya kuchora, ukae ukimtazama mnyama mpaka uchoke, kisha umtazame tena. "Uchovu wa kwanza ni uvivu," alisema. "Uchovu wa pili ndio macho." Nilikuwa na kawaida ya kuchora haraka, na siku moja alichukua daftari langu akasoma mchoro kama mtu anayesoma barua ya mtoto wake. "Umemchora vizuri mnyoo wa kitabuni," alisema. "Sasa mchore huyu aliye mbele yako. Huyu amepinda."

Alichora mwenyewe pia. Kabatini kwake kulikuwa na marundo ya michoro, yote ya minyoo wale wale, kila pingili ya mwili, kila kinyweleo, miaka na miaka. Tulidhani anaandika kitabu. Nilipomuuliza alisema hapana, anajizoesha. Kujizoesha nini, hakusema siku ile.

Watu wanaomkumbuka kwa ukali wake wana haki. Ukichelewa kipindi ulisimama nje mpaka kiishe, iwe mvua, iwe jua. Lakini kanisani mchelewaji alikuwa yeye: kwaya ilipoanza kuimba Jumapili, sauti yake ya pili ilikuwa haipo, na wimbo wa kwanza ukiisha ungemwona anapita pembeni mwa benchi akiinama kana kwamba kuinama kunamfanya asionekane. Mchungaji alizoea. Alikuwa pia na bustani ya viazi nyuma ya nyumba ya walimu, na huko, mwanamke huyu aliyeweza kushinda saa nzima akilinda pingili moja ya mnyoo isivunjike, alikata nyungunyungu kwa jembe bila kugeuka nyuma. Tulimshitaki. "Madam, huyo naye ni mnyoo!" Alisimama, akaegemea jembe. "Huyo ana ndugu wengi hapa. Wa kwangu wako ugenini."

Samaki hakula. Si kwa imani yoyote. Alisema tu kwamba harufu ile inamkumbusha mahali. Na maji aliyaogopa. Tulipokwenda ziara ya kimasomo tukavuka Ruaha Ndogo kwa daraja la miguu, alinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vyangu vikafa ganzi, huku akiendelea kutufundisha kuhusu magugumaji kwa sauti ile ile isiyopanda. Upande wa pili aliniachia akasema, "Usimwambie mtu." Sikumwambia mtu, ila wasichana wote walikuwa wameona.

Habari yenyewe alinisimulia mara moja, tukiwa tunaosha vioo vya hadubini. Alipokuwa chuo cha ualimu, walipelekwa pwani kwa mafunzo ya vitendo. Maji yalikupwa, akatembea mbali kwenye mwamba, akawakuta sifongo wamefunikwa na zile pumba. Akainama na lenzi yake. Minyoo walikuwa hai. Kila mmoja katika bomba lake, mikono nje, wanapunga, wanapunga, mgongo mzima wa sifongo ukipunga kama uwanja wa watu wanaoaga treni. Alisahau kila kitu. Alipoinua kichwa bahari ilikuwa imekwisha rudi na maji yalikuwa kifuani. Mama mmoja mkulima wa mwani ndiye aliyemvuta kwa khanga mpaka nchi kavu. Ndoo yake ya sifongo hakuiacha. Jioni ile ile, akitetemeka bado, aliwamiminia spiriti kama kitabu kilivyoagiza.

"Niliwaua kabla sijawauliza," alisema.

"Kuwauliza nini, Madam?"

Akaniambia. Sifongo anakula kwa kunyonya maji kupitia vile vitundu vyake. Bahari ina tope, na tope likituama mgongoni vitundu vinaziba. Mnyoo anakusanya lile tope, anajengea nyumba, mengine anakula. Je, anamfagilia mwenyeji wake, au kwa nyumba zile anazidi kumziba? Ni mgeni mwema au mgeni mbaya? Vitabu alivyovipata havikumjibu, au vilimjibu kwa wanyama wengine. Maiti za mtungini zisingeweza kusema. Lilikuwa jambo la kutazama walio hai, kwa utulivu, kwa mtu aliyezoea kutazama. Ndiyo maana alikuwa akijizoesha.

"Sasa si uende, Madam? Likizo si ipo?"

Alifuta kioo kimoja mara mbili. "Nitakwenda."

Alijaribu, kwa kweli. Likizo moja alipanda basi la kwenda pwani akiwa na begi, lenzi na kofia mpya. Siku ya pili alikuwa amerudi na gunia la vitunguu. Basi liliposimama Ruaha Mbuyuni, alisema, wauzaji walipandisha mabeseni dirishani, vitunguu vikubwa vya kung'aa, na bei nzuri, na jiko la shule lilikuwa na uhitaji. Kwa hiyo alishuka. Tulikula vitunguu vile mwezi mzima. Mpishi alimtania, "Madam, bahari ya mwaka huu imetoa vitunguu?" na yeye alicheka kuliko wote. Lakini mimi nilimwona akiitundika ile kofia nyuma ya mlango wa maabara, na haikuvaliwa tena.

Sasa nimlete mzee wa maabara, kwa sababu huwezi kumsimulia Madam bila yeye. Alikuwa mtu wa kijiji cha jirani, mrefu, mpole, mfagiaji na mwosha vyombo wa maabara, na aliishi kwa salamu. Kila asubuhi "Kamwene!" kwa mitungi, kwa mifupa, kwa kila msichana. Madam alimwachia kazi moja kubwa: kutazama kina cha spiriti. Spiriti hukimbia polepole hata mtungi ukifungwa vipi, na sifongo akitokeza juu anaharibika. Kikipungua, ajazie.

Masika moja Madam alikwenda Njombe kwenye msiba, akakaa wiki mbili. Spiriti kwenye dumu la shule ikaisha. Mzee akaona vichwa vya sifongo vinaanza kuchungulia hewani. Hakutaka Madam arudi awakute wamekauka. Na masika ndiyo wakati mianzi inagemwa, kila nyumba ina pombe yake, ulanzi. Akachukua ule wa siku kadhaa, ulio mkali, akaichujia mitungi mitano kwa kitambaa safi, kwa uangalifu wote. Wa sita Madam alikuwa ameuacha kabatini nyumbani kwake, akiuchora.

Madam aliporudi, tulikuwa tumesimama mlangoni hatuthubutu kuingia. Mitungi ilikuwa inatoa povu. Mfuniko mmoja ulikuwa umeruka mpaka chini ya sinki. Harufu ilikuwa ya kilabu cha pombe siku ya mnada, na katikati ya povu sifongo waliyeyuka kama uji. Pumba zote zilikuwa tope. Minyoo hawakuwepo tena.

Mzee alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Mwalimu," alisema, "mimi nilijua pombe ni pombe. Ule ulanzi ulimwangusha mzee wa kanisa, mtu mzima na koti lake. Nikasema utashindwaje kumlaza mnyoo?"

Mkuu wa shule alikuwa amekuja kusimama nyuma yetu, na sote tulijua kibarua cha mzee kipo mdomoni mwa Madam. Alizunguka meza. Aliinusa mitungi yote mitano, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba anatoa heshima za mwisho. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni. Kisha akasema, "Mzee, miaka yote hiyo mimi niliwaweka kwenye msiba. Wewe angalau umewapa harusi." Na akamgeukia mkuu wa shule akamwambia spiriti ilikuwa dhaifu na kosa ni lake yeye kusafiri bila kuacha ya akiba.

Kilichofuata ndicho kilichotushangaza. Tangu wiki ile, kila Ijumaa mchana, mzee aliketishwa kwenye hadubini na mtungi wa sita. Madam alimfundisha kama alivyotufundisha sisi, wembe, penseli, uchovu wa kwanza, uchovu wa pili. Walimu wengine walinong'ona. Yeye alisema mtu asiyemjua mnyoo hawezi kumwonea uchungu, na asiyemwonea uchungu atamjazia ulanzi. Mzee alichora vibaya sana. Lakini aliona. Ndiye aliyegundua kwamba mnyoo mmoja kwenye mtungi ule alikuwa na sura mbili. "Mwalimu, huyu ana uso na kiunoni ana uso mwingine, kama mama aliyebeba." Madam alimsukuma akatazama, akapiga meza kwa kiganja. Alikuwa amemchora mnyoo yule mara nyingi na hakuliona hilo.

Hivyo ndivyo wanavyoongezeka. Mnyoo mmoja hugawanyika katikati wakawa wawili, lakini kabla hajagawanyika, nusu ya nyuma huota kichwa chake kwanza, na nusu ya mbele huanza mkia wake. Madam aliishi kwa somo hilo miaka yote iliyobaki. Msichana akitaka kuacha shule, aliitwa maabara. "Binti, usikatike kabla hujaota kichwa." Jirani yangu wa bweni alimwambia anaacha kidato cha tatu aende Chunya, shangazi yake ana mgahawa kwenye machimbo ya dhahabu. Madam alimpa somo zima la mnyoo. Msichana alisikiliza, akasema asante, na Jumatatu kitanda chake kilikuwa kitupu. Madam alikasirika muhula mzima. Miaka mitatu baadaye, nikiwa kidato cha sita, ilikuja asali kutoka Chunya, debe zima, na picha ya mwanamke amesimama mbele ya mgahawa wake mwenyewe, ameshika mwiko kama fimbo ya kifalme. Madam aliitazama picha ile muda mrefu. "Basi," alisema, "wengine huota kichwa njiani." Na hakuona haya kutusimulia, darasa baada ya darasa, kwamba alikosea.

Mzee alistaafu kwanza. Siku ya kumuaga, shule ilimpa blanketi. Madam akampa lenzi yake ya mkono, ile ile ya pwani. Tulistaajabu. Nilielewa kwamba alikuwa amekata tamaa ya kwenda, na ilinichoma kuliko nilivyotegemea.

Yeye alipostaafu alihamia Mbeya, mtaa wa Soweto, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye banda la kuku. Tuliandikiana ujumbe kwenye simu. Mwaka huu nilisikia kwa wengine kwamba macho yake ni mabaya. Nikaenda.

Alinifungulia, akanitazama kwa kugeuza kichwa chote, kushoto, kulia, mpaka akanipata. "Ni wewe. Umenenepa vizuri. Kaa." Ilikuwa presha ya macho. Alinieleza kama anayefundisha: kinachopotea ni pembeni kwanza, daktari amesema kilichokwenda hakirudi, matone haya ni ya kuzuia kilichobaki kisiondoke upesi. "Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba," alisema.

Niliona begi karibu na kiti, limefungwa zipu.

"Unasafiri, Madam?"

Alichukua simu, akaisogeza karibu na pua, akabonyeza ujumbe wa sauti. Sauti ya mzee wa maabara ikajaa chumbani, na nyuma yake upepo.

"Mwalimu, kamwene! Ni mimi, mtu wa ulanzi. Nipo huku pwani kwa binti yangu aliyeolewa. Maji yamekupwa, nimepiga magoti kwenye tope, watoto wa huku wananicheka, wanasema babu wa bara anawaabudu wadudu. Nimewaona, Mwalimu. Kwa lenzi yako. Wako hai, wanapunga. Nimewatazama mpaka nimechoka, nikawatazama tena. Lakini mimi swali lako sijui kuliuliza. Njoo uwaulize mwenyewe. Na usiogope maji, nitakushika mimi."

Aliicheza mara mbili. Mara ya pili hakuwa anasikiliza. Alikuwa ananitazama mimi, kama siku ile ya hadubini.

"Lakini macho, Madam," nilisema. "Utaona?"

"Kwa mnyoo," alisema, "bomba linatosha."

Usiku nililala kwenye godoro sebuleni, na nilimsikia akitembeatembea, akisimama, akitembea tena. Nilihofu. Kulipopambazuka alikuwa ameshavaa. Nilijitolea kumsindikiza hadi pwani. Nauli ninayo, nafasi kwenye basi ipo. Alikataa. "Ukiwa pembeni yangu nitapata sababu. Nitashuka nikununulie kitu, nitashuka kwa kuwa umechoka. Nikiwa peke yangu sina wa kumsingizia. Wewe kaa na kuku wangu, jirani yangu hayupo mpaka Jumamosi."

Mtungi wa sita ulikuwa dirishani, spiriti imejaa hadi shingoni. Nilimuuliza kama anaubeba.

"Wa nini? Hao nimeshawasoma."

Nje bajaji ilipiga honi. Kijana wa bajaji akaita, "Mama, twende, basi halimsubiri mtu!" Alitia tone jicho la kulia, tone jicho la kushoto, akapepesa, akaiweka chupa mfukoni mwa koti. Akaibana begani kamba ya begi kwa mikono miwili.

"Naogopa," alisema. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo, hata kwenye daraja.

"Najua, Madam."

"Maharage yako jikoni. Ukiyaacha yataungua."

Alipapasa ukuta mpaka akaupata mlango. Akatoka, akageuka ili aone kitasa kwa lile bomba lake la macho, akakishika vizuri, akauvuta. Mlango ukafungika.